Jinsi ya kuunda maneno ya rangi katika lugha ya kubuni

Wengi wanaobuni lugha hushughulikia rangi kwa dakika kumi. Huchukua orodha ya rangi kumi na moja wanazozijua, huibandika kila moja neno jipya, wakahesabu kazi imekwisha. Kinachopatikana ni lugha inayosikika ngeni masikioni, lakini inaona dunia kwa macho ya lugha nyingine. Sauti za maneno hazina kosa. Kosa liko kwenye mipaka. Upinde wa mvua hauna mstari panapoishia njano na kuanzia kijani. Kila lugha hukata inapopenda. Kwa hiyo kata kwanza, ndipo utoe majina.

Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, na tutajenga lugha ya mfano njiani. Tuiite Kinelu. Ina irabu tano, a e i o u, na silabi zake ni konsonanti moja ikifuatwa na irabu moja, au irabu peke yake.

Kiswahili kama darasa

Kabla ya kwenda mbali, tazama lugha unayoisoma sasa. Kiswahili kina mizizi mitatu tu ya rangi inayobeba upatanisho wa ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Tunasema mtu mweusi, kitu cheusi, gari jeusi, nyumba nyeusi, vitambaa vyeusi. Jaribu kufanya hivyo na kijani, utakwama: ni gari la kijani, nyumba ya kijani, vitambaa vya kijani. Neno halibadiliki; linaning'inia kwenye kihusishi cha -a.

Sababu ni umri na asili. Ile mitatu ni mizizi ya rangi hasa. Mengine yalikuwa vitu kabla ya kuwa rangi: kijani ni jani, kijivu ni jivu, manjano ni kiungo cha kupikia, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, chungwa ni tunda, waridi ni ua. Buluu na samawati yaliingia kutoka nje. Msemaji hayawazii haya yote anapoongea, lakini sarufi inayakumbuka. Hapo ndipo lugha ya kubuni inapopata uhai: maneno machache ya zamani yenye tabia za pekee, na maneno mengi mapya ambayo bado yananuka vitu yalikotoka.

Amua idadi ya mizizi

Mwaka 1969 watafiti Brent Berlin na Paul Kay walilinganisha lugha 98, wakaona kwamba maneno ya msingi ya rangi hayaongezeki kiholela. Lugha yenye mawili hugawa dunia katika mwanga na giza. Likija la tatu, huwa nyekundu. La nne huwa njano, au huwa neno moja linalobeba kijani na buluu kwa pamoja. La tano ni lile lililokosekana kati ya hayo mawili. La sita hutenganisha buluu na kijani. La saba huwa kahawia. Kisha hufuata zambarau, waridi, chungwa na kijivu bila mpangilio maalumu.

Utafiti mkubwa ulioanza mwaka 1976, uliotumia vipande 330 vya rangi kwa wasemaji wa lugha 110 zisizo na maandishi ya muda mrefu, ulirekebisha mambo kadhaa. Uichukue ngazi hii kama mwelekeo wa kawaida. Kijivu, kwa mfano, wakati mwingine hutokea mapema. Lakini ukitaka lugha yako iwe na neno la waridi huku haina la njano, uwe na sababu, na sababu hiyo ionekane katika maisha ya wasemaji.

Kwa kazi nyingi tunapendekeza mizizi mitano. Miwili huvutia sana na hutumika kweli duniani. Watu wa jamii ya Dani huko New Guinea wana *mili* kwa giza na rangi za baridi, na *mola* kwa mwanga na rangi za joto. Lakini inamtaka mbunifu nidhamu kubwa katika kila sentensi, na wengi huchoka njiani. Kumi na moja haikulazimishi kufikiri. Mitano inatosha kuleta ugeni bila kukuzuia kusema unachotaka.

Lugha za kubuni zilizopo zimefanya uchaguzi tofauti kabisa. Toki Pona, iliyotolewa na Sonja Lang mwaka 2001, ina mitano: *walo* nyeupe, *pimeja* nyeusi, *loje* nyekundu, *jelo* njano, na *laso* kwa kijani na buluu pamoja. Kiklingoni, lugha ya filamu za Star Trek iliyobuniwa na Marc Okrand, kina minne: *chIS* nyeupe, *qIj* nyeusi, *Doq* nyekundu pamoja na chungwa, na *SuD* inayomeza kijani, buluu na njano. Kiesperanto cha mwaka 1887 kilifuata lugha za Ulaya, kwa kuwa lengo lake lilikuwa watu waelewane haraka. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa lengo lile. Jiulize lako ni lipi.

Chora ramani kabla ya majina

Hii ndiyo sehemu inayostahili muda mrefu kuliko zote. Utahitaji programu yoyote ya kuchora yenye kichaguzi cha rangi cha namba tatu: aina ya rangi kuanzia 0 hadi 360, ukolevu, na mwangaza. Hakikisha ni mfumo wa HSL, si HSV. Katika HSL mwangaza 100 ni nyeupe tupu. Katika HSV namba hiyohiyo ni rangi kamili. Ukichanganya mifumo, ramani nzima itaharibika.

Tengeneza jedwali la safu wima 12 na mistari 5. Safu ziwe kwa hatua ya 30: 0 ni nyekundu, 30 chungwa, 60 njano, 120 kijani, 180 katikati ya kijani na buluu, 240 buluu, 270 urujuani, 330 waridi iliyokolea, na nyingine kati yake. Mistari iwe mwangaza 15, 30, 50, 70 na 85. Ukolevu uache 100. Ongeza mstari wa sita wa vipande vitano usio na rangi: ukolevu 0, mwangaza 0, 25, 50, 75 na 100. Jumla ni vipande 65. Zima kichujio cha usiku cha skrini, kwa kuwa hupunguza buluu na kukufanya ukate mpaka mahali pasipostahili.

Sasa tazama safu ya 60 kutoka juu kwenda chini, polepole. Kwenye mwangaza 50 ni njano kali. Shuka hadi 30: njano imekwisha, umebaki na rangi ya zeituni ambayo wengi wangeiita aina ya kijani. Njano haivumilii giza. Hukaa juu tu, jirani na nyeupe, na ndiyo maana lugha zenye maneno machache huiweka pamoja na nyeupe au nyekundu. Nenda safu ya 240 ufanye vivyo hivyo. Buluu inabaki buluu kutoka karibu na nyeusi hadi karibu na nyeupe. Safu ya 30 ina siri nyingine: kwenye mwangaza 50 ni chungwa, kwenye 30 ni kahawia (msimbo wake wa rangi kwenye kompyuta ni #994D00). Kahawia haina mahali pake kwenye duara la rangi. Ni chungwa iliyotiwa giza. Waridi nayo ni nyekundu iliyotiwa mwanga. Anayebuni rangi kwa kuzunguka duara tu hawezi kuzipata hizi mbili, na mara nyingi huzisahau au huzipachika mwishoni kama kiraka.

Kwenye jedwali hilo, piga mistari ya mipaka kwa kalamu au kwa rangi nene. Hii hapa ramani ya Kinelu.

Mstari wa 15, wote ni giza. Mstari wa 85, wote ni mwanga, hata njano iliyopauka. Kwenye 30: safu za 0 na 30 ni nyekundu, maana yake kahawia ni aina ya nyekundu kwa msemaji wa Kinelu, 60 hadi 210 ni kijani-buluu, zeituni ikiwamo, 240 na 270 ni giza, 300 na 330 zinarudi kwenye nyekundu. Kwenye 50: nyekundu inashika 0, 30, 300 na 330, njano inashika 60 peke yake, kijani-buluu inashika 90 hadi 270. Kwenye 70: njano inajipanua hadi 30, nyekundu inabaki na 0, 300 na 330, na kijani-buluu inashika 90 hadi 270. Ule mstari usio na rangi: 0 na 25 giza, 75 na 100 mwanga. Kipande cha 50, kijivu halisi, tumekiacha wazi kwa makusudi. Pengo kama hilo lina thamani: hapo ndipo neno jipya litakapozaliwa.

Baada ya mipaka, weka kiini cha kila eneo, yaani kipande ambacho msemaji angekichagua akiambiwa aonyeshe rangi hiyo hasa. Kiini hakiko katikati ya eneo kila mara. Kosa la mara kwa mara ni kuweka kiini cha kijani-buluu kwenye safu ya 180, kwa kuwa hesabu inaelekeza huko. Wasemaji wa lugha zenye neno la namna hiyo kwa kawaida huonyesha kijani halisi au buluu halisi, wala hawaonyeshi ule mchanganyiko wa katikati. Chagua upande mmoja. Kinelu kimechagua kijani cha jani lililokomaa, #1F8A3B.

Sauti

Mizizi ya Kinelu: *hano* mwanga na nyeupe, *tumu* giza na nyeusi, *keli* nyekundu, *sivo* njano, *lome* kijani-buluu.

Kanuni ni mbili. Maneno ya msingi yawe mafupi, silabi mbili au chini, kwa sababu yatatumika mno. Neno la rangi nyekundu lenye silabi tano linasaliti kwamba halijawahi kutumiwa na mtu yeyote. Pili, yaachane kwa sauti. Rangi hutajwa bega kwa bega, mara nyingi kwa kulinganisha: nipe ile nyekundu, si ile ya njano. Ukiwa na *kali*, *keli* na *kelo*, msikilizaji atakosea kila mara. Angalia mitano ya Kinelu: hakuna mawili yanayoanza na konsonanti moja, na hakuna mawili yenye irabu zilezile kwa mpangilio uleule.

Jizuie pia kuyafanya yote yaishie kwa sauti moja kana kwamba ni familia. Maneno ya rangi ya msingi katika lugha za asili hayakuzaliwa siku moja, na hayana sare.

Rangi ni neno la aina gani?

Wengi hawajiulizi swali hili kabisa, na hapo hupoteza nafasi nzuri. Rangi si lazima iwe kivumishi. Katika Kiklingoni ni vitenzi: *Doq* ni kuwa na wekundu. Lojban, lugha nyingine ya kubuni, nayo huzifanya kuwa viarifu. *Blanu* peke yake hutosha kubeba maana ya kitu fulani kuwa buluu. Kiesperanto huanza na kivumishi *verda*, kisha hukubali *la herbo verdas*, yaani nyasi zinaonekana kwa ukijani wake, na *ruĝiĝi*, kuwa nyekundu, na *blankigi*, kufanya kitu kiwe cheupe.

Kinelu kinafanya mizizi yake mitano kuwa vitenzi vya hali. Kiambishi awali *a-* ni wakati uliopo, *i-* ni uliopita. Kiambishi tamati *-ra* ni kugeuka, *-ni* ni kusababisha. Kwa hiyo, jani likiwa *tili*:

*Tili asivo.* Jani ni la njano.
*Tili asivora.* Jani linageuka njano, linanyauka.
*Tili isivora.* Jani liligeuka njano.
*Akelini.* Anatia wekundu, anapaka au anachovya rangi nyekundu.

Ona tofauti ya mbili za kwanza. Jani la njano kwa asili yake si sawa na jani linalokufa. Sarufi imefanya kazi ambayo vinginevyo ingehitaji sentensi ya pili. Kwa lugha ya wakulima au wafugaji tofauti hii ni ya kila siku: tunda limeiva au linaiva, mawingu ni meusi au yanatanda.

Ukichagua kivumishi, amua kama kinabeba upatanisho, kinakaa mbele au nyuma ya nomino, na kama kinaweza kusimama peke yake: *nipe nyekundu* bila kutaja kitu. Ukichagua nomino, rangi itahitaji kiunganishi, kama Kiswahili kinavyosema rangi ya jivu. Na unaweza, kama Kiswahili, kuwa na njia mbili kwa pamoja. Tunashauri hivyo kwa moyo wote.

Kupata rangi za ziada kutoka kwenye vitu

Wasemaji wa lugha yenye mizizi mitano wanaona buluu sawasawa na mtu mwingine yeyote. Macho yao hayana upungufu. Neno ndilo halipo, na wakihitaji hulitengeneza. Kivietinamu kinatoa mfano safi. Neno *xanh* hubeba kijani na buluu, na msemaji akitaka kubainisha husema *xanh lá cây*, xanh ya majani ya mti, au *xanh da trời*, xanh ya anga.

Kinelu kina kiunganishi *e*. Bahari ni *vasa*, jivu *niku*, udongo *moku*. Basi *lome e vasa* ni buluu, *lome e tili* ni kijani, *keli e moku* ni kahawia. Lile pengo la kijivu linazibwa na *e niku*, ya jivu, bila mzizi wa rangi mbele yake. Kwa kuwa *niku* ni nomino, haipokei *a-* wala *-ra*. Huwezi kusema *anikura*. Msemaji lazima azunguke: kitu kimepata rangi ya jivu. Ndilo lile pengo la Kiswahili kati ya cheusi na cha kijivu, ila hapa limetokea kwa njia yake.

Kuchagua kitu cha kuzaa rangi kuna masharti. Kiwe kinajulikana na kila msemaji, kiwe na rangi isiyoyumba, na kiwepo katika ulimwengu wao. Lugha ya watu wasio na machungwa haiwezi kuwa na rangi ya chungwa. Hili ni kosa linalofanyika sana, na msomaji makini hulinasa mara moja. Maua yenye rangi nyingi hayafai. Damu inafaa mno. Neno la Kihungaria *vörös*, mojawapo ya maneno yake mawili ya nyekundu, linatokana na *vér*, damu. Jivu, moshi, kutu, kiini cha yai, ini, nyongo, udongo wa mfinyanzi, ngozi ya mnyama wa kufugwa, vyote vinafaa.

Ukitaka lugha yako ionekane imeishi, zeesha baadhi ya maneno hayo. *Lome e vasa* ikisemwa haraka kwa vizazi vitatu inakuwa *lomevasa*, kisha *lovasa*. Hapo mzizi wa sita unazaliwa, na mgogoro pia: vijana wanasema *alovasa*, wakilitumia kama kitenzi kamili, na wazee wanashikilia *alome e vasa*. Andika umbo la zamani na la sasa katika kamusi. Likishatengana, kumbuka kupunguza eneo la *lome* kwenye ramani. Wabunifu wengi huongeza neno jipya na kuliacha la zamani na eneo lake lote, halafu hawaelewi kwa nini tafsiri zao zinapingana.

Vigezo vya kujua kama neno limekuwa la msingi ni vichache: liwe neno moja, lisiwe aina ya rangi nyingine, lisifungwe kwenye kitu kimoja, na limjie msemaji haraka bila kuulizwa. Kigezo cha tatu kina manufaa kwa mbunifu. Maji ya kunde kwa Kiswahili ni rangi ya ngozi ya mtu. Hakuna anayesema gari la maji ya kunde. Tengeneza maneno mawili au matatu yaliyofungwa hivyo: moja la ngozi, moja la nywele au manyoya, moja la ardhi.

Kukolea na kufifia

Usiunde neno la kila kivuli. Unda njia. Kiesperanto hutumia *-et-* kwa kufifisha, *ruĝeta*, na huweka *hel-* au *malhel-* mbele kwa mwanga na giza: *helblua*, *malhelblua*.

Kurudia neno ni njia ya bei nafuu. Kiswahili kinasema majimaji na chumvichumvi kwa kitu chenye dalili tu ya maji au chumvi. Kinelu kinafuata: *kelikeli* ni kitu chenye dalili ya wekundu. Kwa kukolea, tanakali ya sauti haina mpinzani. Nyeupe pe, nyeusi ti, nyekundu ndu: kila mzizi una mwenzake mmoja, na huwezi kuwabadilishana. Kinelu kinasema *hano fii*, *tumu pum*, *keli za*, *sivo ling*, *lome tuu*. Tanakali zinaruhusiwa kuvunja kanuni za silabi na hata kutumia sauti zisizo kwingineko katika lugha, kama *f* na *z* hapo. Hivyo ndivyo zinavyofanya katika lugha nyingi za asili.

Rangi pia inaweza kubeba kipimo kisicho cha mwanga. Mwanaanthropolojia Harold Conklin alieleza mwaka 1955 kwamba Wahanunóo wa Ufilipino wana maneno manne, na mawili kati yake, *marara* na *malatuy*, yanatenganisha wekundu na ukijani lakini pia ukavu na ubichi. Kipande cha mwanzi uliokatwa sasa hivi, chenye maji na kung'aa kwa rangi ya kahawia, ni *malatuy*. Sisi tunaosema kijani kibichi hatuna haja ya kushangaa. Chagua kipimo kama hicho kwa mzizi mmoja tu. Vikizidi, wasomaji hawatajua rangi iko wapi.

Maana za pembeni, kisha kamusi

Neno la rangi lisilo na maana nyingine ni neno jipya. Kweupe ni kulipokucha, peupe ni mahali pa wazi, moyo mweupe ni wenye nia njema. Kwa kila mzizi tafuta maana mbili za ziada zinazotokana na maisha ya wasemaji. Epuka kunakili zile za lugha unazozijua: wivu wa kijani na huzuni ya buluu ni mali ya watu wengine.

Ingizo la kamusi liandikwe hivi, bila kuruka sehemu:

*lome*, kitenzi cha hali. 1. Kuwa na rangi ya kijani au buluu. Kiini #1F8A3B. Eneo: mwangaza 30, safu 60 hadi 210, mwangaza 50 na 70, safu 90 hadi 270. Zeituni imo. Buluu iliyokolea sana haimo, ni *tumu*. Haitumiki kwa ngozi ya mtu. 2. Kuwa kibichi, chenye maji. Hutumika kwa kuni, tunda, udongo. 3. Kupona, kwa umbo la *-ra*: *Muno alomera*, mtu anapata nafuu. Tanakali: *tuu*. Angalia pia: *lome e vasa*.

Sehemu ya "haimo" ina uzito kuliko ile ya "imo". Bila hiyo, utaandika sentensi mia na baada ya miezi miwili utakuta bahari ya usiku ni *lome* ukurasa mmoja na *tumu* ukurasa mwingine.

Wasemaji wasio binadamu

Ukibuni lugha ya viumbe wengine, anza na macho. Binadamu wengi wana aina tatu za seli za kupokea rangi. Mbwa wana mbili, ndege wengi wana nne. Nyuki wana tatu lakini zimehamia upande mwingine: wanaona urujuanimno, mwanga ambao macho yetu hayauoni, na nyekundu haiwafikii vizuri. Lugha ya viumbe wanaoona kama nyuki isingepata nyekundu kama neno la tatu, na ua tunaloliona la njano tupu lingeweza kuwa na michoro inayohitaji jina. Ngazi ya Berlin na Kay ni ya macho ya binadamu, huko haikufungi.

Jaribu kabla ya kutangaza

Chukua jedwali la vipande 65, ondoa mistari ya mipaka, uchanganye vipande. Baada ya wiki moja vitaje vyote kwa lugha yako bila kuangalia kamusi. Ukitofautiana na ramani katika vipande visivyozidi sita, na vyote viko mpakani, uko salama. Ukikosea kwenye viini, neno halijakaa kichwani mwako, na mara nyingi ni kwa sababu linafanana na jingine kwa sauti.

Kisha mpe mtu mwingine maelezo ya kamusi peke yake, bila ramani, apange vipande. Muulize kwanza kama anatofautisha nyekundu na kijani bila shida. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya kaskazini, wapatao 8 kati ya 100 hawazitofautishi vizuri. Akipanga tofauti na ulivyokusudia, rekebisha maelezo, usimrekebishe yeye.

Mwisho, tafsiri vitu hivi: damu mbichi na damu iliyokauka, jani changa, jani lililokomaa, jani kavu, meno ya mzee, ulimi, kutu, moshi wa kuni mbichi, maji ya kina kifupi na ya kina kirefu, mawingu kabla ya mvua, kiini cha yai, anga dakika chache kabla ya jua kuchomoza, chuma kinachotiwa motoni hadi kiwe cheupe. Hiki cha mwisho kinapita *tumu*, *keli*, *sivo* na *hano* kwa mpangilio, na kila hatua inataka *-ra*. Ukiweza kukieleza kikipita rangi zote nne bila kukopa neno, mizizi imekaa sawa. Ukikwama kati ya *keli* na *sivo*, rudi kwenye safu ya 30 ya jedwali, kwa kuwa mpaka ule ndio unaoyumba kuliko yote, na usogeze mstari kipande kimoja.